Inchi Tatu za Shangazi

Mtaani walimwita Bi Starehe, na jina hilo hakujipa. Alipewa na wateja. Ukivaa suruali iliyotoka mezani kwake unakaa, unachutama, unapanda ngazi, unakula ukashiba, na kiuno hakikuulizi kitu. Mafundi wengine wa cherehani walijaribu kumwiga wakagonga mwamba. Mmoja wao alithubutu hata kununua gauni lake na kulifumua mshono mmoja mmoja ili aone siri iko wapi, akabaki na vipande vya kitambaa na aibu yake. Bi Starehe alipoletewa habari alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Siri, alisema, iko mkononi, na mkono huo ameurithi kwa shangazi yake aliyemfundisha kazi.

Kazi hiyo aliifanya nje, kwenye uwanja mdogo uliokuwa kati ya nyumba yake na karakana ya seremala. Uwanja haukuwa wake, wala haukuwa wa seremala. Ulikuwa wa watu. Wapo waliopita hapo kwenda barabarani, wapo waliosimama kupiga soga, na kila asubuhi muuza maji alipitisha mkokoteni wake akielekea nyumba za nyuma. Lakini mtu akikaa mahali miaka kumi na tisa, nani wa kumwambia ondoka? Na Bi Starehe hakukaa nje kwa kupenda kuonekana. Ndani mwake mlikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazama ukuta, na macho yake hayakuwa tena yale ya usichana. Nje, kwenye mwanga wa jua, alitunga uzi kwenye sindano mara moja. Ndani, hata taa ikiwaka, alijaribu mara saba, ya nane akamwita mumewe, karani mstaafu wa ghala, ambaye macho yake yalikuwa mabovu kuliko ya mkewe.

Huyo seremala aliitwa Mzee Randa, kwa kuwa kutwa nzima ungeisikia randa yake ikienda shaa, shaa, shaa. Alikuwa mtu mpana, mcheshi, mwenye penseli sikioni hata akiwa amevaa nguo za kutokea. Yeye na mumewe Bi Starehe walicheza drafti kila jioni na kudanganyana kila jioni, kwa hiyo yeye na Bi Starehe waliitana shemeji. Hakukuwa na neno kati yao.

Neno lilikuja na kazi. Seremala alipata oda ya madawati mia moja ya shule. Mbao zikaletwa, zikajaa karakana, zikatoka nje. Wiki ile ile Bi Starehe akapata majoho meupe ya kwaya, arobaini, akayatundika kwenye henga ya magurudumu. Mbao zikasogea huku, majoho yakasogea kule, na vumbi la msumeno likaruka katikati. Joho la kwanza lilipogeuka rangi ya mchanga, Bi Starehe alitoa pini mdomoni.

"Shemeji, hili vumbi lako lina macho? Mbona linanifuata mimi tu?"

"Mwambie upepo, shemeji. Mimi nakata mbao, upepo siukati."

Siku hiyo walicheka. Kesho yake walicheka nusu. Siku ya tatu Bi Starehe alisukuma ubao kwa mguu, seremala akasukuma henga kwa mpini wa ufagio, na kufika jioni walikuwa wanaitana "jirani." Mtu akianza kumwita shemeji yake jirani, ujue mambo yamekwenda kombo. Drafti ikafungwa kabatini. Mumewe Bi Starehe alizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza miwani.

Mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti refu la kijivu, alilolivaa jua liwake, mvua inyeshe. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaona wote wana haki na wote wana makosa, akakata shauri.

"Uwanja huu ni futi ishirini na tatu kutoka ukuta hadi ukuta, nimeuona kwenye karatasi. Kila mtu achukue futi kumi kutoka kwenye ukuta wake. Katikati zibaki futi tatu, njia ya watu. Pimeni wenyewe, watu wazima nyie. Mtaa mzima hakuna wanaojua kupima kuwashinda nyie wawili."

Hapo ndipo Bi Starehe alipokwenda kuchukua tepu.

Alikuwa nazo mbili, na hapa lazima mtu aelewe. Ya kwanza ilining'inia shingoni mwake kutwa kucha, na hiyo ni ya kupimia watu: kifua, kiuno, nyonga, mkono. Ya pili ilikaa kwenye kopo la biskuti chini ya meza, na hiyo ni ya kupimia kitambaa wakati wa kukata. Ilikuwa ya shangazi. Tarakimu zake zilikuwa zimefifia, ncha zake zimezungushiwa uzi. Shangazi aliiweka ncha moja mezani, akaibana kwa pasi ya mkaa, kisha akaivuta kwa mkono wa kushoto mpaka ikanyooka kama waya, na Bi Starehe naye alifanya vile vile, pasi ile ile, mkono ule ule. "Tepu ya mtu ni ya mtu, ya meza ni ya meza," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Usije ukazichanganya." Kwa nini, hakusema, na zama zile mtoto wa kike hakumuuliza shangazi yake kwa nini. Kwa vile jambo la uwanja lilikuwa zito, Bi Starehe aliona halistahili tepu ya shingoni. Alitoa ile ya heshima.

"Mke wangu," alisema mumewe kutoka mlangoni, "uwanja hupimwa kwa tepu ya chuma."

"Ya chuma anayo yeye. Unataka nikamwombe?"

Mumewe alirudi ndani. Bi Starehe akapima futi kumi, akaivuta tepu ipasavyo, akachora mstari kwa chaki yake ya kukatia. Upande wa pili seremala akapima futi kumi kwa tepu ya chuma, akapiga mstari kwa penseli na ubao mnyoofu. Hawakutazamana. Kisha kila mmoja akasogeza mali yake mpaka ukingoni kabisa mwa mstari, asimwachie mwenzake hata upana wa kucha. Meza ya fundi huku, rundo la mbao kule.

Asubuhi iliyofuata mkokoteni wa maji ukakwama. Muuza maji alisukuma, akasukuma tena, gurudumu likauma mguu wa meza, ubavu ukauma mbao, dumu moja likaanguka na kupasuka, na maranda yote ya seremala yakaelea.

"Mkokoteni wangu ni inchi thelathini na nne," alisema muuza maji, amelowa hadi magotini. "Niliambiwa njia ni futi tatu. Mie si msomi, lakini hesabu hiyo naijua."

Mwenyekiti alikuja na tepu ya kuazima, akapima njia. Inchi thelathini na tatu. Alikunja uso.

"Inchi tatu zimepotea. Kuna mtu hapa ana mkono mrefu."

"Si mimi," alisema Bi Starehe. "Naapa kwa mkasi wangu."

"Wala si mimi," alisema seremala. "Miaka thelathini nakata mbao, sijawahi kukosea inchi, sembuse tatu."

"Basi kesho asubuhi nakuja kupima pande zote mbili mbele ya watu," alisema mwenyekiti. "Atakayeonekana amezidi, ataingiza kazi yake ndani. Nje hapa asionekane tena. Nimesema."

Mchana ule Bi Starehe aliingiza joho moja ndani, eti ajaribu tu. Aliketi chini ya taa, akashika sindano, akatunga. Uzi ukapita kando. Mara ya pili, kando. Alihesabu mpaka tisa, akaiweka sindano mapajani. Hakulia, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia, lakini aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura moja tu: yeye hapo kitini, chini ya taa hiyo, siku zote zilizobaki, akishona mishono asiyoiona. Kisha akajiliwaza. Aogope nini? Hakuiba. Aliyeiba ni yule mpana wa ng'ambo, na kesho ataumbuka.

Lakini kwa nini asubiri kesho aumbuliwe na mwenyekiti, na yeye yupo? Kulipopambazuka tu, kabla hata vijogoo havijachoka kuwika, alitoka na kopo lake la biskuti, akaenda upande wa seremala kwa kunyata, akapima kutoka ukutani hadi kwenye mstari wa penseli.

Futi tisa na inchi tisa.

Alipima tena. Futi tisa na inchi tisa. Aliketi juu ya mbao akaitazama tepu. Haya, huu ni wizi wa aina gani, mtu anajiibia mwenyewe? Alikwenda upande wake, akapima: futi kumi kamili, hazipungui, hazizidi. Kwa hiyo yeye amechukua haki yake, seremala amechukua pungufu ya haki yake, na bado njia ni nyembamba. Uwanja umesinyaa? Nyumba zimesogeleana kama wachumba?

Mkono wake ulipanda shingoni, kama ulivyozoea akifikiri, ukaishika tepu ya watu. Aliishika muda mrefu. Kisha, Mungu amsamehe na shangazi amsamehe, akaitoa shingoni, akailaza juu ya meza kando ya tepu ya shangazi, ncha kwa ncha, akaibana kwa pasi.

Tepu ya watu iliishia inchi sitini. Tepu ya shangazi nayo iliishia inchi sitini, lakini sitini yake ilikuwa mbele zaidi. Ilizidi kwa inchi moja na nusu. Miaka yote ile ya pasi na kuvutwa, mkono wa shangazi na mkono wake, tepu ilikuwa imerefuka kidogo kidogo kama ndala ya zamani, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyewahi kuzichanganya.

Hesabu ya futi kumi aliipata upesi. Inchi tatu. Mwizi ni yeye.

Hesabu ya pili ilimjia taratibu, na hiyo ndiyo iliyomkalisha chini. Alimpima mtu kwa tepu moja, akamkatia kwa nyingine. Kila kiuno, kila nyonga, kila kifua kilichopita mezani pale kwa miaka kumi na tisa kilikatwa kwa inchi moja ya ziada ambayo hakuikusudia. Hiyo ndiyo starehe. Hiyo ndiyo siri iliyo mkononi. Fundi yule aliyefumua gauni angefumua mpaka uzee asiione, kwa kuwa haikuwa kwenye gauni, ilikuwa kwenye kopo la biskuti. Amesifiwa maisha yake yote kwa kosa. Alijisikia mdogo, na uso ulimwaka ingawa hapakuwa na mtu.

Hapakuwa na mtu. Wazo hilo likamwamsha. Akifuta chaki sasa hivi, akachora mstari mwingine inchi tatu nyuma kwa tepu ya shingoni, akavuta meza, nani atajua? Mwenyekiti atapima, atakuta kila mtu ana futi kumi. Kweli, watu watauliza inchi tatu zimerudi vipi, na watamtazama seremala na rundo lake la mbao, na watasema amezivuta usiku. Waseme. Ana mgongo mpana.

Alianza kufuta kwa kisigino. Alifuta kipande cha urefu wa mkono, kisha mguu ukagoma wenyewe. Akili ilikuwa tayari, mguu haukuwa tayari.

"Jirani," ilisema sauti nyuma yake. "Unafuta ushahidi?"

Seremala alikuwa mlangoni kwake, mswaki mdomoni, penseli tayari sikioni. Bi Starehe alifungua mdomo atoe jibu la kumkata maini, na jibu alikuwa nalo, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Njoo uone," alisema.

Seremala alikuja. Alitazama tepu mbili zilizolala mezani, akaleta ya kwake ya chuma, akailaza kando yao. Ya watu na ya chuma zilikubaliana. Ya shangazi ilitokeza mbele peke yake. Bi Starehe alimweleza yote, la uwanja na la nguo, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Alipomaliza alingoja kicheko.

Seremala hakucheka. Aliingiza vidole viwili kwenye kiuno cha suruali yake, akavivuta mbele, akaangalia ile nafasi iliyokuwa pale.

"Kumbe ni hii," alisema. "Mwaka juzi ulipokwenda kumuuguza dada yako, nilishonewa na mtu mwingine. Ilikuwa imenikaa vizuri kabisa. Nikainama kupiga randa, ikafunguka nyuma mbele ya mteja. Tangu hapo nikasema, mimi na huyu mama mpaka kaburini."

"Ni kosa, Mzee Randa. Si ufundi."

"Mimi sijui hayo. Mimi najua kuchutama."

Mwenyekiti alifika na watu wake, na watu wa watu wake, na muuza maji akiegemea mkokoteni. Kabla hajafungua tepu ya kuazima, Bi Starehe alisimama mbele yake.

"Usipime. Mimi ndiye nimezidi. Inchi tatu. Tepu yangu ya mezani imevutika na sikujua. Na nguo zenu zote nimezikata kwa hiyo hiyo. Ile starehe mnayoisema si mkono wangu. Ni tepu mbovu."

Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe, alijitazama suruali. Mmoja baada ya mwingine wote wakajitazama.

"Umefanya vizuri kusema," alisema mwenyekiti, na sauti yake haikuwa na furaha. "Lakini neno langu mlilisikia. Aliyezidi anaingia ndani. Nikilivunja leo, kesho nani atanisikiliza?"

Bi Starehe aliitikia kwa kichwa. Aligeuka aanze kukusanya majoho.

"Mwenyekiti," alisema seremala, "hilo koti ulishonewa na nani?"

Mwenyekiti alilitazama koti lake la kijivu. "Na yeye."

"Umelivaa miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi una inchi yake hapo kifuani, na nyingine mgongoni bila shaka, na umetembea nazo miaka sita barabarani, mahali pa watu. Ukitaka sheria ifuatwe sawasawa, mrudishie kwanza. Halafu wengine nasi tupange foleni, tuvue hapa hapa."

Muuza maji ndiye aliyeanza kucheka, kisha mumewe Bi Starehe, kisha wote. Mwenyekiti alifunga kifungo kimoja cha koti, akakifungua, akakifunga. Alikuwa mtu wa haki, lakini koti alilipenda.

"Nilisema aliyezidi aingie ndani," alisema mwishowe. "Inchi zilizozidi ni tatu. Basi inchi tatu ndizo ziingie."

Meza ikainuliwa na watu wanne ikarudishwa nyuma. Bi Starehe alichora mstari mpya kwa tepu ya chuma ya seremala, aliyopewa bila kuiomba. Alipoinuka, mgongo ukimlia, alimwona seremala ameinama upande wake, anavuta mbao zake nyuma, moja moja.

"Wewe unafanya nini? Wewe hukuzidi."

"Inchi tatu," alisema seremala bila kuinua kichwa. "Miaka yote nimevaa za kwako. Na mimi niwaachie watu kidogo, shemeji."

Hilo neno shemeji Bi Starehe alilisikia vizuri. Alijifanya anatafuta chaki.

Muuza maji alipita, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kutazama kushoto wala kulia. Jioni ile drafti ilitoka kabatini, na wazee wawili wakadanganyana mpaka giza likawafukuza. Vumbi la msumeno liliendelea kuruka, maana upepo haukuwa umehudhuria kikao, ila tangu siku hiyo seremala alipiga mluzi kabla ya kuwasha msumeno na Bi Starehe akafunika majoho kwa shuka.

Mumewe alimletea tepu mpya kutoka dukani, bado imo kwenye karatasi yake. Alimshukuru, akakata nguo moja kwayo, gauni la mwalimu wa jirani. Mwalimu alilijaribu, akavuta pumzi, akauliza kwa upole kama amenenepa. Bi Starehe alilifumua na kumwambia aje Jumamosi.

Wiki ya pili seremala alikuja kupimwa suruali. Alisimama mbele ya meza, mikono pembeni, jua la saa nne likimpiga usoni.

"Shemeji, tumia ile ile."

"Nyamaza, usijaze tumbo."

Alimpima kwa tepu ya shingoni, akaandika. Kisha akatoa kopo la biskuti, akailaza tepu ya shangazi juu ya kitambaa, akaibana kwa pasi, akaivuta kwa mkono wa kushoto mpaka ikanyooka. Hapo akasita kidogo. Maisha yake yote aliwapa watu inchi ile bila kujua. Aliitazama pale ilipozidi, mahali penyewe, akaweka alama ya chaki, akampa akijua. Kisha akachukua mkasi, akakata.